Namna ya Kuficha Dhahabu Spring Valley, Serikali Isijue

Umechoka, na una haki ya kuchoka. Mshahara wako umekatwa PAYE, ukakatwa asilimia 1.5 ya nyumba ambazo hutakaa, ukakatwa asilimia 2.75 ya SHA na wewe tayari una bima yako ya hospitali. Kilichosalia umekipeleka benki inayosimamiwa na walewale waliokukata. Tarehe 25 Juni 2024 uliwaona vijana kwenye televisheni wakiingia Bungeni kwa hasira ya Mswada wa Fedha. Wewe hukutoka, ulikuwa na mkutano. Lakini moyoni ulikuwa nao, na usiku huo ukakata shauri: mali yako itoke mikononi mwa serikali, iingie kwenye dhahabu.

Uamuzi mzuri. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yako, mkazi wa Spring Valley, Nairobi, na majirani zako wa Kyuna, Loresho na Kitisuru: mtu mwenye ukuta wa mawe, nyaya za umeme juu ya ukuta, na shaka kubwa kwa yeyote aliyekalia kiti cha umma. Utajifunza kununua dhahabu, kuificha, na kuipoteza kwa heshima. Fuata hatua zote. Ukiruka hata moja, unaweza kujikuta bado unayo.

Hatua ya 1: Kariri sababu zako

Kabla hujanunua hata gramu moja, uwe na hotuba. Dhahabu bila hotuba ni chuma cha manjano tu.

Anza na miaka ya tisini. Sema jinsi pesa zilivyomwagwa kwenye uchaguzi wa 1992, noti ya shilingi 500 ikabatizwa "Jirongo" mitaani, na mwaka 1993 mfumuko wa bei ukapita asilimia 40. Ruka hadi kwenye benki: Dubai Bank, Agosti 2015, Imperial, Oktoba mwaka huohuo, Chase, Aprili 2016. Wakumbushe wageni wako kwamba siku zile bima ya amana ilikulinda hadi shilingi 100,000, hata kama ulikuwa umeweka milioni kumi, na kwamba leo inakulinda hadi 500,000. Kisha nenda Narok, tarehe 1 Juni 2019, siku ambayo Gavana wa Benki Kuu, Patrick Njoroge, alitangaza kuwa noti ya zamani ya shilingi 1,000 itakufa tarehe 1 Oktoba. Noti za takribani shilingi bilioni 7.4 hazikurudi Benki Kuu. Wako watu walioamka asubuhi ile wakiwa wamelalia karatasi. Malizia na Januari 2024, dola moja ilipopita shilingi 160.

Hapo inua kidole, useme: "Dhahabu haina gavana." Nyamaza kidogo. Waache waitikie.

Akitokea mjuaji akakuambia kwamba Aprili 1933 Rais Roosevelt aliwaamuru Wamarekani wapeleke dhahabu yao kwa serikali kwa dola 20.67 aunsi, na mwaka uliofuata akaipandisha hadi dola 35 ikiwa tayari iko kwake, mwambie hiyo ni Marekani. Akiongeza kuwa India ilikataza raia kuweka vipande na sarafu za dhahabu kwa sheria ya 1968, na sheria hiyo haikufutwa hadi 1990, mwambie hiyo ni India. Kila nchi iko mbali ukitaka iwe mbali.

Hotuba hii ina upungufu mmoja mdogo. Inaeleza vizuri sana kwa nini usimwamini gavana, lakini haisemi utamwamini nani badala yake. Usijali. Hatua zinazofuata zitakuletea watu.

Hatua ya 2: Mkimbie sonara

Pale Diamond Plaza, Parklands, dakika chache kutoka nyumbani kwako, kuna masonara. Wana duka, wana mizani mezani, wana jina ambalo baba zao walilijenga, na wanatoa risiti. Watakuuzia kwa bei ya siku, na ujira wa kazi juu yake. Watu wa kuchosha kabisa. Tena sheria ya kuzuia utakatishaji wa fedha inawahesabu wauza madini ya thamani miongoni mwa wanaotakiwa kutoa taarifa za miamala mikubwa ya fedha taslimu. Yaani ukienda na begi la noti, serikali itasikia. Wakimbie.

Tafuta muuzaji asiye na duka. Kusema kweli usimtafute, kaa tu kwenye hoteli yoyote ya Westlands useme ile hotuba yako kwa sauti, atakuja mwenyewe. Utamtambua kwa viatu. Ana binamu ambaye ni jenerali, ana shehena iliyotoka Kongo, Bunia au Bukavu, ikapitia Kampala, na ana shida ya kifamilia inayomlazimu kuuza upesi. Bei yake ni nusu ya bei ya London.

Hapa ndipo wanafunzi wengi huharibu mambo kwa kufikiri. Usijiulize kwa nini mtu mwenye mali ambayo mnunuzi yeyote wa Dubai angeichukua leo hii kwa bei kamili anapambana na foleni ya Waiyaki Way ili akupe wewe kwa nusu. Jibu liko wazi: amekupenda. Ameona una akili kuliko wengine. Hata wewe umekuwa ukilisema hilo kwa miaka mingi, na hatimaye amepatikana Mkongomani mmoja aliyeliona.

Hatua ya 3: Kubali kuonyeshwa

Utapelekwa kwenye nyumba kubwa yenye miti mingi. Usishangae ikiwa iko barabara moja na yako. Mitaa kama Kileleshwa, Lavington na Runda imeshaonja biashara hii, na Spring Valley haina sababu ya kubaki nyuma. Nyumba imekodiwa kwa mwezi. Samani zimekodiwa kwa wiki. Vijana wenye suti nyeusi mlangoni wamekodiwa kwa siku, na baadhi yao bado hawajalipwa.

Masanduku ya chuma yataletwa. Yana kufuli, yana lakiri, yana karatasi zenye mihuri mingi kuliko cheti cha kuzaliwa. Kifuniko kitafunguliwa, na manjano itakupiga usoni. Shusha pumzi, tikisa kichwa polepole kama mtu aliyezoea.

Sasa jizuie kutenda dhambi moja: usinyanyue sanduku. Dhahabu ni nzito kupita akili, gramu 19.3 kwa kila sentimita moja ya ujazo. Pakiti ya maziwa ya nusu lita, ukiijaza dhahabu, ingezidi kilo tisa na nusu. Kwa hiyo yule kijana aliyeingia na sanduku zima mkono mmoja, simu kwenye mkono wa pili, ama ni bingwa wa dunia wa kunyanyua vitu vizito ama amebeba shaba. Chagua ubingwa. Mpongeze.

Watakupa kipande kidogo ukakipime popote upendapo. Kipime bila woga, ni dhahabu halisi. Ndicho kipande pekee cha dhahabu halisi katika nyumba ile, na wamekitumia kwa wateja wengi kabla yako. Ukirudi ukiwa na majibu mazuri, watakukumbatia. Usipendekeze kamwe kwamba sanduku zima lipelekwe Madini House, kule Barabara ya Machakos, Industrial Area, wataalamu wa serikali walipime. Wewe na serikali mmeachana. Shikilia msimamo.

Hatua ya 4: Lipa ada

Ukishatoa malipo ya kwanza, shehena itakwama. Huwa inakwama uwanja wa ndege wa JKIA. Itahitaji ushuru wa forodha, halafu bima, halafu ada ya ghala kwa kila siku inayopita, halafu cheti cha maabara, halafu kitu kidogo cha mkubwa fulani ambaye jina lake halitajwi kwenye simu.

Lipa zote. Kisha keti utafakari uzuri wa jambo hili: kila ada uliyolipa imetajwa kwa jina la serikali. Wewe uliyekataa kuiamini serikali yenye risiti umeiamini isiyo na risiti. KRA ilikuwa inakukata sehemu kila mwezi. Hawa wamekata yote mara moja, na hawatakusumbua tena kila Juni na mambo ya iTax.

Usione haya, umeingia kwenye kundi la watu wazito. Mei 2019 magazeti ya Nairobi yalijaa kashfa ya shehena ya dhahabu iliyodaiwa kushikiliwa JKIA, na mlalamikaji alikuwa kampuni ya Dubai, mji ambao hata uwanja wa ndege una maduka ya dhahabu. Ikiwa watu wa Dubai wanaweza kuja Nairobi kutafuta dhahabu, wewe wa Spring Valley ni nani hata ujilaumu?

Hatua ya 5: Ukipata ya kweli kwa bahati mbaya

Ajali hutokea. Pengine shangazi yako wa Mombasa amekuachia bangili. Pengine ulinunua kipande Dubai, dukani, kwa risiti, wakati mkeo anatazama mikufu. Sasa una kilo moja ya dhahabu halisi na hujui pa kuiweka.

Kwanza hongera. Kwa takwimu za Baraza la Dhahabu Duniani, akiba yote ya dhahabu ya Kenya ni takribani tani 0.02, yaani kama kilo 20 hivi. Umefikia sehemu ya ishirini ya taifa. Na kilo hiyo ni ndogo kuliko simu yako. Aunsi moja ilipopita dola 4,000 mwezi Oktoba 2025, kilo ilipita shilingi milioni 16. Unaweza kuificha ndani ya soksi, na hapo ndipo penye tatizo, kwa sababu mtu mwingine naye anaweza kuondoka nayo ndani ya soksi.

Sanduku la benki likatae. Benki ni benki. Ukibanwa, taja Thika, Novemba 2017, vijana walipochimba handaki hadi ndani ya tawi la benki wakaondoka na mamilioni. Usiseme kwamba walichimba kwa miezi, na kwamba nyumbani kwako wangehitaji ngazi tu.

Nunua sefu. Nunua kubwa, maana sefu ndogo ni kukiri kwamba una kidogo. Agiza iletwe mchana kweupe, kwenye lori lenye jina la duka ubavuni, na wabebaji wa kutosha kuichosha barabara nzima. Acha geti wazi wakati wanaishusha. Mlinzi wa jirani atakuja kusaidia kusukuma, na wa ng'ambo naye, na muuza mahindi wa kwenye kona.

Kisha mwite fundi wa kuichomelea ukutani. Atauliza: "Mkubwa, hii ni ya nini?" Mwambie ni ya vyeti vya shule. Sefu ya kilo 300, ya vyeti vya shule. Atakuamini kwa moyo uleule uliomwamini nao mtu wa Bunia.

Hatua ya 6: Izike bustanini

Baada ya wiki moja utagundua kwamba watu wengi mno wanajua habari za sefu. Vizuri. Iache mahali pake kama pambo, na dhahabu uizike.

Chimba usiku, kwa tochi. Udongo mwekundu wa Nairobi ni mlaini mvua ikinyesha, na una sifa ya ziada: hautoki kwenye nguo wala viatuni, kwa hiyo asubuhi yaya atasoma njia yote uliyopita kutoka mti wa mparachichi hadi kitandani. Mtunza bustani atasoma yaliyobaki. Nyasi zile alizipanda yeye, kila siku anazipitia, na ameona vizuri kwamba kuna mstatili mmoja umepandwa na mtu asiyejua kazi.

Inua macho pia. Zamani Spring Valley ilikuwa na nyumba moja na ekari yake. Siku hizi kila aliyeuza ekari ameacha nyuma yake jengo la fleti, na kila fleti ina roshani, na kwenye kila roshani kuna mpangaji asiyepata usingizi. Mpungie mkono.

Kuhusu sheria, ujue unacheza na nani. Ibara ya 62 ya Katiba ya 2010 inaweka madini yote kwenye ardhi ya umma, kwa hiyo dhahabu iliyo chini ya bustani yako kwa asili yake si yako hata kidogo. Waliojifunza hili mapema ni watu wa Kakamega. Dhahabu ilipoonekana kwao mwaka 1931, walikuwa na sheria mbichi ya 1930 iliyowaahidi kwamba ardhi yao haitaguswa. Kufikia mwisho wa 1932 sheria ilikuwa imerekebishwa ili wachimbaji wa kizungu waingie. Mwanasheria atakuambia kipande ulichonunua dukani si madini ya ardhini. Ni kweli. Jaribu tu kulieleza hilo saa nane za usiku, na jembe mkononi, mbele ya mtu mwenye sare.

Hatua ya 7: Jenga ukuta wa watu

Hesabu sasa wanaojua: fundi, wabebaji, walinzi watatu, yaya, mtunza bustani, mpangaji wa roshani. Siri ya mtungi aijuaye kata, na nyumba ya Spring Valley ina kata nyingi.

Usiwaongezee mshahara. Wataalamu wote wa kupoteza mali wanakubaliana katika hili. Mtu anayelinda milioni 16 usiku kucha kwa mshahara usiotosha kodi ya chumba Kangemi ni mtu mwenye muda wa kufikiri. Mcheleweshee hadi tarehe 10. Mkate siku aliyokwenda kumzika mjomba wake. Mfokee mbele ya wageni. Ukiwa na kampuni ya ulinzi, ni bora zaidi: walinzi watabadilishwa mara kwa mara, na kila mpya atapokea kwa mwenzake tochi, rungu, kitabu cha wageni na habari za mparachichi.

Utaona kwamba hadi sasa umewaamini watu wengi kuliko Benki Kuu nzima. Tofauti ni kwamba gavana ana kanuni, ana wakaguzi, na magazeti yanamtazama. Wa kwako wana funguo.

Hatua ya 8: Jivune kwa unyenyekevu

Hapa hata mwanafunzi mwerevu huanguka, ndiyo maana naipenda hatua hii. Umefanikiwa kuficha. Hakuna rika lako hata mmoja anayejua. Unakwenda harusini, unakaa meza moja na mtu mwenye gari jipya, na watu wote wanalitazama gari. Kifua kinakuuma. Una kilo nzima chini ya mparachichi na hakuna anayekuheshimu.

Usivumilie. Dhahabu isiyojulikana haiheshimiwi. Tumia maneno laini: "Mimi siku hizi siweki kitu benki." "Kuna vitu havishuki thamani, tuache tu." Cheka kidogo, nywa maji. Kwenye kundi la WhatsApp la wakazi, uliza kama kuna mtu anajua kampuni nzuri ya bima ya mali ya thamani iliyo ndogo kwa umbo. Atakayeuliza "kwani una nini?" mjibu kwa kikaragosi cha tabasamu.

Wanawake wa Lamu na Mombasa walilimaliza jambo hili zamani, ila usiwaige. Wao dhahabu yao huivaa. Bi harusi huonyeshwa ukumbi mzima wa wanawake, na kila mkufu na kila bangili hukaguliwa na mashangazi wanaojua uzito kwa kutazama, aliyeitoa na sonara aliyeifua. Kesho mume akitaka kuiuza kwa siri, anakuta kuna mashahidi mia. Shida ya mtoto ikija, bangili moja hupelekwa kwa sonara, ada hulipwa, maisha huendelea. Mali imelindwa kwa kuonekana. Wewe umechagua njia ya kisasa: huna hata shahidi mmoja uliyemtaka, ila unao wengi usiowataka.

Hatua ya 9: Usiandike popote

Mali bila daftari hupotea bila habari, wahenga walisema, na wewe hiyo ndiyo sehemu unayoitafuta. Usiandike uzito. Usipige picha. Risiti ya Dubai ichome, kwa sababu inaweza kusomwa na serikali. Usimwambie mkeo, ana dada. Usiwaambie watoto, wako Manchester na wataiweka mtandaoni.

Halafu ufe. Sikuambii ufanye haraka, nasema tu kwamba mpango wako mzima unategemea usife, na hakuna aliyefaulu bado.

Pesa zako za benki, ukizisahau, zina ofisi. Sheria ya 2011 iliunda mamlaka ya mali ya kifedha isiyodaiwa, na warithi wako wanaweza kutafuta jina lako kwenye orodha, wajaze fomu, wasubiri, wanung'unike, walipwe. Mparachichi hauna fomu. Watoto watarudi kwa mazishi, watagombana Milimani kuhusu ekari, watamuuzia mjenzi wa fleti, na siku moja dereva wa tinga ataomba ruhusa ya kwenda nyumbani kumwona mama mgonjwa. Hatarudi kazini. Mama yake atapona vizuri sana.

Hatua ya 10: Iite serikali

Ikiwa hujafa na dhahabu imeshaondoka, umebakiwa na safari moja, hadi kituo cha polisi cha Spring Valley. Vaa vizuri. Omba kuandikisha taarifa kwenye OB, kitabu cha matukio.

Ofisa atafungua kitabu kikubwa na kuuliza kwa upole. Ilikuwa na uzito gani? Hukuandika. Risiti iko wapi? Uliichoma. Nani alikuuzia? Mtu mwenye viatu vizuri. Nani alijua? Hapo mpe orodha, na umwombe akuongezee karatasi. Ulikuwa umetangaza mali hii popote? Nyamaza kidogo, kama ulivyonyamaza siku ile ya hotuba.

Kisha sema kwa ukali: "Mimi ni mlipa kodi!" Ni sentensi nzuri sana. Imekuwa ikingoja tangu mwanzo wa mwongozo huu. Mtu aliyeikimbia serikali kwa kila njia hurudi kwake siku ya kuibiwa, na hurudi akiwa na haraka.

Neno la mwisho kwa wenye vipaji

Huenda umesoma hadi hapa na roho yako ikakataa kuwa mpotezaji. Basi jifunze kwa mabingwa wa nchi hii. Mwaka 1990 Kamlesh Pattni alianzisha Goldenberg International, na serikali ikakubali kuilipa fidia ya asilimia 35 kwa dhahabu na almasi ambazo ingepeleka nje. Almasi Kenya haina. Dhahabu ilikuwa kidogo mno. Fidia ililipwa hata hivyo, kwa mabilioni. Karani kijana wa Benki Kuu, David Munyakei, aliona karatasi hazieleweki, akazitoa ili wananchi wajue. Alipoteza kazi, akafa maskini mwaka 2006. Tume ya Jaji Bosire ya kuchunguza kashfa hiyo iliundwa 2003, ikatoa ripoti 2006, na mwaka 2013 Mahakama Kuu ikasimamisha kesi ya Pattni. Desemba 2024 Uingereza na Marekani zilimwekea vikwazo kwa madai ya biashara haramu ya dhahabu, safari hii ya Zimbabwe.

Tazama ufundi huo. Dhahabu iliyotajirisha watu kuliko zote katika historia ya Kenya haikuhitaji sefu, wala mparachichi, wala mlinzi wa kucheleweshewa mshahara. Haikuibwa, kwa sababu haikuwepo. Na serikali haikufichwa. Serikali yenyewe ndiyo iliyoilipia. Kutoiamini serikali peke yake hakukulindi. Serikali mbovu na tapeli wa Westlands wanakula sahani moja: hofu yako na kujiona kwako mjanja.

Kama huna kipaji cha Goldenberg wala subira ya hatua zangu kumi, basi umeshindwa na kazi hii, na nakupa pole. Nenda Parklands mchana, kwa sonara mwenye duka. Nunua bangili, dai risiti, nakili uzito, na umpe mama yako aivae harusini mbele ya watu wote. Itakuwa salama, na hutakuwa na lolote la kusimulia mezani.